Rimu Mpya, Breki za Enzi za Mzee Jomo

Hebu sogeeni, benchi lina nafasi. Wewe mwenye gazeti, likunje ulikalie, maana habari ya leo haimo humo, inashuka na barabara. Mnaisikia rumba hiyo inayotikisa mabati ya kibanda cha mama chai? Ni jaduong', mzee wetu wa Peugeot huyo, anateremka kutoka Kiboswa. Na ukitaka kujua kama leo breki zake zimeamka vyema, usimtazame yeye. Watazame vijana wa bodaboda pale njia panda ya Mamboleo, hapa hapa Kisumu. Wakianza kurudisha pikipiki nyuma bila kuambiwa na mtu, jua 504 imefika.

Yawa! Nimesonya mpaka ulimi umekufa ganzi. Gari lenyewe ni zuri, hilo sitalikana mbele ya mtu. Ni Peugeot 504 ya miaka ya sabini, zile zenye taa za mbele zilizopinda kama macho ya mtu anayekusikitikia, na buti lililokunjika kwa nyuma kana kwamba aliyelichora alibadilisha nia katikati ya mstari. Limepigwa rangi ya samawati hata mbu akitua anateleza. Rimu zinametameta. Stereo ina kioo kipana kama sinia ya ugali. Chini ya milango zimefungwa taa za buluu, na usiku ukiingia unaliona gari linaelea kama mtumbwi. Jaduong' alikuwa karani wa reli miaka na miaka, akastaafu, na sehemu nene ya kiinua mgongo chake imelala pale. Jasho lake, gari lake, moyo wake umefurahi. Kwa hilo sina neno.

Sasa fungua mlango uchungulie ndani. Mkanda wa usalama wa dereva umekatwa. Kilichobaki ni kipande cha shubiri moja, kimepigwa fundo kwenye nguzo ya mlango, na juu ya fundo limetundikwa taulo la kufutia jasho. Taulo, jamani! Pale pa kushikilia uhai wa mtu pamekuwa kamba ya kuanikia!

Na kama ulidhani haya ni ya wazee, geuza shingo utazame ng'ambo ya barabara. Yule kijana mwenye kofia ana Datsun pikapu ndogo iliyomzidi umri mara mbili. Ameichora mistari miwili myeusi kutoka boneti hadi nyuma, kwa sababu ameona kwenye simu jinsi Mustang za Marekani zilivyochorwa. Hayo magari ya misuli, kama yanavyoitwa huko kwao, yalipamba moto mwaka 1964, enzi za Pontiac GTO na hiyo Mustang. Walichukua gari la kawaida, wakalishindilia injini kubwa ya silinda nane, wakamkabidhi kijana ufunguo. Kukimbia yalijua. Lakini mengi yalitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, breki za mjomba anayekwenda kanisani. Hapa kwetu hayafiki kwa urahisi, kwani usukani uko kushoto, na gari la mtumba likishapita miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini. Basi kijana wetu ameamua kujitengenezea lake papa hapa Mamboleo. Ameng'oa injini ya Datsun, akapachika ya Toyota iliyotoka Japani juzijuzi, na ikinguruma asubuhi kuku wa mama chai hupanda juu ya paa.

Nikamwita. "Omera, injini nimeisikia. Breki je?"

"Hizo zitakuja mos mos, mzee. Kwanza tuone spidi."

Mos mos! Spidi inakuja leo, breki zinakuja polepole! Na huyu si mtoto mjinga. Ni yeye anayetutengenezea simu hapa steji, anafungua vitu vidogo kama mbegu za wimbi na kuvirudisha vyote mahali pake. Akili anayo, tena nyingi. Ni kwamba akishaketi nyuma ya usukani, akili hiyo huwa anaiacha kwenye meza ya simu.

Breki, ndugu zangu, ni jiko. Mwendo wote wa gari lazima ugeuke kuwa joto, na joto lazima liwe na pa kwenda. Diski iko wazi, upepo unaipiga, inapoa. Dramu ni sufuria iliyofunikwa. Ukiikanyaga mara moja mjini inashika vizuri tu, lakini teremka nayo kutoka Kiboswa ukiwa nyuma ya trekta la miwa, mguu haubanduki kwenye pedali, na humo ndani ya sufuria kunatokota. Pedali itabaki ngumu, utakanyaga mpaka mshipa wa shingo usimame, na gari litakuwa kama mtoto aliyeziba masikio.

Peugeot ya jaduong' ina diski mbele tangu kiwandani, Wafaransa hawakulala. Lakini mafuta yake ya breki! Hata mwenyewe hakumbuki yalitiwa lini. Mafuta yale hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya ziwani haijawahi kupungukiwa unyevu. Maji yakishajichanganya humo, breki zikipata moto yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Mguu unazama mpaka sakafuni kama umekanyaga matope ya ziwani kule Dunga. Nayo magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini yana masta silinda ya njia moja tu, hosi moja ikipasuka magurudumu yote manne yanabaki yatima. Ukifunga ya njia mbili, mbele pakikukataa nyuma panakusitiri. Ni kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua. Lakini nani atapiga picha masta silinda aiweke kwenye simu watu waisifu? Rimu ndizo zinazosifiwa.

Zamani nikiwa kijana nilimkuta tanboi wa lori moja kando ya barabara anamimina maji ya sabuni kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Nikamuuliza, ndugu, unaosha nini? Akasema bado wana safari ndefu na duka la spea limefungwa. Nikaingia nyumbani nikamwambia mama yangu nitatembea kwa miguu mpaka wiki iishe.

Ukimwambia jaduong' habari za mkanda, anachofanya ni kuinuka, kwenda kwenye gari na kulipiga boneti kofi. Ngo! "Unasikia? Hicho ni chuma. Hizi Vitz zenu ni mikebe ya mafuta ya kupikia. Mimi nikigongana na mkebe, mkebe ndio utakaopelekwa hospitali." Na benchi zima linaitikia, naam, chuma cha zamani! Hata mwalimu mstaafu, mtu aliyefundisha sayansi darasa la nane miaka thelathini, anatikisa kichwa kukubali. Aaah, mwalimu! Wewe pia?

Mwaka 2009 Wamarekani walilimaliza neno hili. Wana taasisi yao inayolipiwa na kampuni za bima, kazi yake ni kuyabamiza magari ili ijue yanaua vipi. Taasisi hiyo ilipotimiza miaka 50 wakachukua Chevrolet Bel Air ya 1959, jitu la chuma, pana kama kitanda cha maharusi, na Malibu ya 2009, gari la kawaida la mtu wa ofisini. Wakayagonganisha pua kwa pua upande wa dereva, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa, ndani wameketi masanamu yenye vipimo. Chuma cha zamani kilifanya nini? Kilijikunja chote na kumkumbatia dereva wake. Mlango ukafunguka, usukani ukamwendea kifuani, dashibodi ikamfuata. Mtu wa kweli pale asingetoka akiwa hai. Yule wa Malibu, mwenye mkanda na mfuko wa hewa, angechechemea kwa maumivu ya mguu.

Siri ya Malibu hata mwashi wa hapa Mamboleo anaijua bila kwenda shule ya magari. Mtazame anaporushiwa tofali kutoka chini. Haendi kulipokea mikono ikiwa imekakamaa, litamvunja vidole. Anarudi nyuma nalo kidogo, anailegeza mikono, tofali linatulia. Gari la kisasa pua yake imetengenezwa ili irudi nyuma hivyo, ijikunje kwa makusudi na kuyala mapigo, wakati chumba mnamoketi kimekazwa kisiguswe. La zamani halina adabu hiyo. Ama halijikunji, likayapeleka mapigo yote kwenye mbavu zako, ama linajikunja pale hasa ulipoketi. Nao mhimili wa usukani kwenye magari mengi ya enzi hizo ni chuma kimoja kilichonyooka kutoka puani hadi kifuani mwako. Babu zetu walikuwa na jina la chuma cha namna hiyo. Walikiita mkuki. Marekani ilianza kuudai kisheria usukani unaojikunja kwa magari ya kuanzia Januari 1968, pamoja na mikanda, na mwaka uliofuata ikadai egemeo la kichwa lisilomwacha mtu avunjike shingo akigongwa nyuma. Zaidi ya miaka hamsini! Na sisi hapa bado tunapiga boneti kofi, ngo, kama watu wanaonunua nazi.

Halafu lazima mtu amtaje Joginder. Hakuna siku mkanda umetajwa kwenye benchi hili bila jina la Joginder Singh kuitwa shahidi. "Joginder alifunga mkanda gani? Dereva ni mikono!" Haya. Joginder ni wetu, alizaliwa Kericho hapo juu mwaka 1932, akashinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na kila mtu wa rika la jaduong' anadai alirushiwa vumbi naye. Peugeot nayo ina haki ya kujigamba. Ile 404 ilibeba Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na hii 504 ikabeba 1975 na 1978. Hayo nayaheshimu, yananisisimua mpaka leo.

Lakini kaeni chini niwaulize. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda na gari gani? Volvo PV544, tena mtumba. Na mkanda huu wa kupita begani na kiunoni, huu tunaoukata ili tuanike taulo, ulibuniwa na nani? Na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mtu aliyekuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege kabla ya kuletwa kwenye magari. Gari la kwanza duniani kutoka kiwandani likiwa na mkanda huo kama kitu cha kawaida lilikabidhiwa mjini Kristianstad, Uswidi, Agosti 13, 1959. Lilikuwa gari la aina gani? Volvo PV544! Shahidi wenu, wazee wangu, alishinda ndani ya aina ya gari lililoupokea mkanda kabla ya mengine yote. Volvo hawakuufungia uvumbuzi ule kabatini. Waliwaachia watengenezaji wote wautumie bure. Mtu anakupa uhai bure, wewe unachukua mkasi!

Siku nilipolisema hili benchi lilinyamaza, mama chai akasahau maziwa yakafurika. Kimya kile kilidumu kama dakika mbili. Kisha jaduong' akasema, "Lakini hiyo ilikuwa Volvo." Mniambie, nilie au nicheke?

Wanaoendesha magari ya kale kwa kasi kweli hawana mzaha huu. Tangu 2003 tuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani, East African Safari Classic, watu wanakuja na Escort na Datsun na Porsche za ujana wa baba zao, wanapasua vumbi maelfu ya kilomita. Chungulia ndani ya gari moja. Utakuta kizimba cha mabomba ya chuma kilichochomelewa kumzunguka dereva, mikanda mipana inayomshika mabega yote mawili, kizima moto karibu na mkono, kofia ngumu kichwani. Kwa nje gari ni lile lile la 1972, hakuna kilichoharibu sura yake. Mtu bingwa, barabara imefungwa kwa ajili yake, daktari anamsubiri, na bado anajifunga hivyo. Wewe unapeleka wajukuu kanisani, mbele una trekta, nyuma una matatu, pembeni una tuktuk, na ulichonacho ni taulo.

Ah, lakini sisi na mkanda tuna historia ndefu. Mnakumbuka Februari 2004? Michuki, waziri wa uchukuzi, alisema kila matatu iwe na mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa manjano, watu 14 na si mmoja zaidi. Siku ya kwanza barabara zilikauka, tukatembea kama waumini wanaokwenda hija. Kisha mafundi wakaanza kupachika mikanda kwenye Nissan ambazo hazikuwahi kuota kuwa nayo, na hapo ndipo vioja vilipozaliwa. Mikanda ilifungwa kwa waya. Mingine ilishikizwa kwenye bati kwa skrubu za kufungia bawaba za kabati. Abiria tuliishika mkononi kama kamba ya mbuzi, polisi akionekana tunaitandika kifuani, polisi akipita tunaiachia. Nguo nyeupe za kanisani zilitoka na utepe mweusi wa jasho la watu wote wa mtaa wa Manyatta.

Skrubu ya kabati! Mtu wa kilo 70 akisimamishwa ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa, ndani ya nusu mita tu, mkanda unavutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Tani! Ni magunia kumi na zaidi ya mahindi yakiwa yananing'inia kwenye skrubu hiyo. Mkanda una nguvu sawa na pale ulipofungwa, basi. Boliti yake ni nene, ya chuma kigumu, inchi 7/16, na karibu dunia nzima imekubaliana juu ya saizi hiyo. Gari likiwa la kale sana halina tundu lake, fundi anachomelea nyuma ya bodi kipande cha bati nene, kipana kama kiganja, ili boliti ising'oke na kutoka na kipande cha gari. Na mkanda wenyewe uwe mpya, si ule uliotolewa kwenye gari lililopata ajali Japani, ukishavutwa siku moja ya mauti nyuzi zake zimechoka.

Nyie wa Probox msicheke, nawaona. Gari lenu lilikuja na mikanda, na mifuko ya hewa, na kengele ya kuwakumbusha. Mmefanya nini nayo? Mmejaza watu kumi na mmoja, dereva anakaa nusu tako, gia iko katikati ya magoti ya shemeji ya mtu. Na ile kengele ikilia mnanunua ulimi wa mkanda usio na mkanda, unauzwa mjini, unachomekwa ili gari linyamaze. Nauliza, mtu aliyekaa akaunda kifaa kizima cha kuidanganya kengele inayomwombea uhai, usiku huo alilala?

Kijana wa Datsun alisikia habari za mifuko ya hewa akasisimka. Kesho yake akaja na usukani kutoka kwa wauza spea kuukuu, katikati umeandikwa kwamba mfuko umo. Ameufunga kwenye Datsun! Nikashika kichwa. Ule mfuko haujui kuumuka wenyewe kama maandazi. Unangoja vihisio vilivyopangwa kwa ajili ya gari lake lenyewe, bodi lake, kiti chake, mkanda wake, vikubaliane ndani ya punje ya sekunde. Kwenye Datsun umekaa tu kama bomu lisilo na mwenyewe. Na hata mifuko ya kiwandani ina siku zake. Ile mifuko ya Takata ya Japani, iliyorudishwa kutoka kwa mamilioni ya magari dunia nzima, kemikali yake iliharibika kwa joto na unyevu, ikawa inalipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu! Kisumu tuna nini kingine? Nikamwomba, omera, nakusihi, toa kitu hicho. Hela hiyo weka kwenye diski za mbele na mkanda. Akautoa, namshukuru, lakini neno la diski akalijibu lile lile, mos mos.

Tairi sizitaji sana, maana nitakesha. Zile rimu za jaduong' zilikuja na tairi zake, meno yote yamesimama kama mapya, akajisifu. Nikavaa miwani nikatafuta tarakimu nne ubavuni: 2311. Maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira huo umezeeka ukiwa umeketi tu ghalani, umekauka kama kisigino cha msimu wa kiangazi. Akasema, lakini meno si unayaona? Nayaona, jaduong', nayaona.

Sasa niwaambie kwa nini vijana wa bodaboda wanarudi nyuma. Ilikuwa Jumapili, wiki chache zilizopita. Jaduong' anashuka kutoka Kiboswa, mkewe ameketi mbele, mjukuu wa miaka sita amesimama katikati ya viti kama tunavyowasimamisha wote, ashike viti, aone barabara. Mbele kuna trela la miwa linajikokota. Amekuwa akikanyaga breki kutoka juu. Hapo karibu na kufika kwetu pedali ikazama. Akapiga mara ya pili, hakuna kitu. Akavuta handibreki, gari likayumba, likapita katikati ya pikipiki mbili, likaingia mtaroni na kusimama kwenye tuta la udongo. Mwendo haukuwa mkubwa hata kidogo. Mtoto alirushwa mbele, paji la uso likapiga ukingo wa dashibodi. Nyuzi saba. Nilimbeba mimi mpaka kwenye tuktuk, damu yake ilikuwa kwenye shati langu, na alikuwa akiuliza kama gari la babu limeumia.

Sisi wa Mamboleo hatuhitaji kuhadithiwa barabara hii. Agosti 2025, pale mzunguko wa Coptic, basi la watu waliokuwa wakitoka mazishini lilipinduka, zaidi ya watu 20 wakaaga dunia. Tulienda na mablanketi. Sitaki kwenda tena na blanketi.

Na baada ya nyuzi saba, jaduong' alifanya nini? Aliliingiza gari gereji. Tukasema afadhali, Mungu amesema naye. Likakaa siku tisa. Likatoka, lo salaale! Bampa limenyooshwa. Rangi imepigwa upya, ndiyo hiyo samawati mnayoiona. Taa za buluu chini ya milango zimeongezwa. Breki? "Fundi alizitazama." Alizitazama! Kwani breki ni bibi harusi?

Basi leo, tulieni mwone, ndiyo hiyo imefika. Imesimama. Imesimama mbali kidogo na alipotaka, lakini imesimama. Rumba imezimwa. Anayeshuka kwanza si jaduong', ni mkewe, na mtoto ameshikwa mkono, kovu jipya lipo pajini. Mama yule hakusalimia benchi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Amekuja akaketi katikati yetu, pakti ya mikanda mipya iko mapajani, ya mbele miwili na wa nyuma mmoja, ameinunua mwenyewe mjini kwa hela za chama. Bei yake haikufika hata robo ya bei ya rimu.

"Jaduong'," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "mimi na mtoto huyu tunarudi nyumbani na matatu. Ukimaliza na fundi utatukuta."

Hakuna aliyecheka. Fundi wa chini ya mwembe aliacha pikipiki aliyokuwa akiitengeneza. Breki kwanza. Akaingia chini ya gari, jaduong' akaambiwa aketi akanyage, na ule wimbo wa mafundi ukaanza: "Kanyaga! Shika! Achia! Kanyaga! Shika!" Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kuliko strungi ya mama chai, mwalimu akayanusa kwenye kopo, akanitazama, akatazama chini. Hosi za mpira zilipokatwa zilikuwa zimevimba kwa ndani, tundu limebaki la kupitisha sindano. Zikafungwa mpya, mafuta mapya yakashuka yakiwa na rangi ya mkojo wa mtoto mwenye afya, na pedali ikapanda juu, ngumu, ikakaa hapo.

Ndipo fundi akaja kwenye nguzo ya mlango. Akalitoa taulo, akampa mwenyewe, jaduong' akalitupia begani. Akakata lile fundo. Chini ya fundo kulikuwa na kifuniko cha plastiki kilichopakwa rangi juu ya rangi, akakichokonoa kwa bisibisi, na nyuma yake, jamani, tundu! Tundu la kiwandani, lenye nyuzi zake zote, linang'aa kama siku lilipokatwa. Lilikuwa pale miaka yote. Fundi hakuhitaji hata kuchomelea. Akaichukua boliti, akaizungusha kwa vidole tu, ikaingia yenyewe mzunguko baada ya mzunguko, tukiwa tumeuzunguka mlango ule watu saba tusioongea.

Mtoto ndiye aliyepewa kuujaribu mkanda. Akauvuta kwa pupa, ukakwama. Akauachia, akauvuta polepole, ukatoka. Akafanya hivyo mara nyingi mpaka nyanya yake akamwambia inatosha. Ng'ambo ya barabara mngurumo wa Datsun ulikuwa umezimika kitambo. Kijana amevuka, mikono mfukoni, akainama akachungulia juu ya bega la fundi.

"Fundi," akasema, "hiyo boliti ni saizi gani?"